Mstari wa Mjukuu Wangu Katika Kitabu cha Ubatizo

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema kupita kiasi, nimevaa suruali ya kuazima iliyonibana kiunoni, na nikakuta benchi la nje ya biro, yaani ofisi, ya parokia limekwisha kujaa. Nilidhani kuna msiba. Kumbe ilikuwa Jumanne ya kawaida. Mama mmoja alitaka atestasio, cheti cha ubatizo, ili mtoto wake apokelewe shuleni, kijana mmoja aliitaka ya kuombea kazi, wachumba wawili walikuja kuandikisha ndoa, na mzee mmoja alitaka kujua ana umri gani. Siku zile, hapa Goma, mtu ambaye hakuwa kwenye kitabu chetu alikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba amezaliwa.

Padri Mkuu, mmisionari wa ndevu nyeupe aliyekuwa amekaa Kivu miaka mingi kuliko alivyokaa kwao, alinipa kalamu na karatasi, akaniambia niandike jina langu, la baba, la mama na la kijiji. Niliandika: Paluku, wa Butembo. Aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Unaandika kama mutu mwenye anaogopa," akasema. "Ni vizuri. Mwenye haogope, sitaki aguse kitabu changu."

Nikaajiriwa hapo hapo. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilitoka mle ndani nikitembea kama gavana.

Ninyi vijana mnaosoma haya, wengi wenu mnadhani kazi ya sekretere wa parokia ni kupiga muhuri na kuwafukuza watu saa ya chakula. Niwaeleze. Kitabu cha ubatizo ni kikubwa, ukikifungua kinajaza meza. Kila mtu ana mstari wake mmoja unaovuka kurasa mbili: namba, jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, wazazi, msimamizi, na aliyembatiza. Mwishoni kuna nafasi tupu tunayoiita pembeni. Pembeni ndipo maisha yako yanapokufuata. Ukipata kipaimara Beni, barua inatoka Beni na mimi ninakiandika pembeni. Ukioa Kisangani, barua inatoka Kisangani. Kwa hiyo mwanamume akidanganya kwamba hajaoa, sekretere anafungua ukurasa tu. Nimevunja arusi tatu kwa njia hiyo, na sina majuto.

Vitabu viliandikwa viwili vinavyofanana, kimoja kikabaki parokiani na kingine kikaenda kwa askofu. Kufuta kulikatazwa kabisa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, unaandika neno la kweli pembeni, unatia saini, ili atakayekuja kesho aone vyote viwili.

Na kulikuwa na ile safu ya wazazi. Kama baba na mama walifunga ndoa kanisani, tuliandika kwamba mtoto ni "wa ndoa". Kama hawakufunga kanisani, tuliandika "si wa ndoa", hata kama mbuzi wa mahari walikwisha kufika kwa wakwe, hata kama komini, yaani serikali ya mtaa, ilikwisha kuwaoanisha kwa saini na shahidi. Maneno hayo yalinakiliwa pia kwenye atestasio, na mtoto akaenda nayo shuleni mkononi. Ninaitaja safu hii mapema kwa sababu ndiyo iliyokaribia kunitenga na mtoto wangu mwenyewe. Lakini kwa miaka mingi niliiandika bila kusita, kwa mwandiko mzuri, na nikajiona mtu wa ukweli.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Rutshuru. Mkubwa wangu huko alikuwa Padri Paroko, mwananchi, wa kwanza mweusi niliyemtumikia, mtu wa maneno machache. Misheni ilikuwa kubwa na siku ya ubatizo tuliandika mpaka vidole vikakakamaa. Asubuhi moja alikuja mkulima wa maharagwe kuchukua karatasi ya mtoto wake. Alijua kusoma kidogo. Aliisoma akiwa amesimama, akarudi mezani.

"Sekretere, mbuzi nilitoa," akasema. "Kwa komini tulipita, bibi yangu akaweka kidole. Sasa huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wako, papa," nikamjibu. "Lakini kitabu hakijue mbuzi."

Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, maana jibu lilikuwa limenitoka vizuri. Yule mkulima aliikunja karatasi mara nne akaondoka. Padri Paroko alikuwa amesikia kutoka chumba cha pili, akaniita.

"Ulisema mambo ya kweli," akaniambia. "Lakini juu ya nini ulicheka?"

Nilinuna wiki nzima, nikajiambia kwamba mapadri wa siku hizi ni laini.

Kutoka Rutshuru nikapelekwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edward, ambako viboko hupita kati ya nyumba kama watu wanaokwenda sokoni. Padri alifika mara chache. Aliyetuongoza alikuwa Katekista Mkuu, mzee mkavu, mvuvi wa zamani. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika ubatizo wa hatari. Malaria ilikuwa haingoji padri. Mtoto akianza kukakamaa, mama yake au jirani alichota maji akambatiza mwenyewe, na kama mtoto alipona, waliniletea habari niiandike. Katekista Mkuu alinifundisha kuwahoji.

"Uliza mambo matatu tu," alisema. "Nani alimubatiza. Kama ilikuwa maji. Kama alisema maneno yenyewe. Kama ni vile, imeisha. Hata umuite askofu, hatamubatiza tena mara ya pili."

Nikawahoji wanawake wa Vitshumbi kwa miaka minne kama hakimu. Mmoja alikuwa amembatiza mwanawe kwa supu ya tilapia kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Tulimtuma kwa padri akarudie.

Kibumba nilipelekwa wakati barabara ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita, wamelala chini ya maturubai, hawana hata karatasi moja. Hapo nitajisifu waziwazi. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, mtu ananitajia parokia yake, jina la msimamizi wake, mwaka wa mavuno gani alibatizwa, nami ninaandika barua kwa sekretere mwenzangu wa huko alikotoka. Barua zilisafiri na madereva wa malori na watawa. Mara nyingi majibu yalirudi. Mwanamke aliyekuwa hana kitu isipokuwa kitenge alichovaa alipewa karatasi yenye jina lake, la baba yake na la kijiji chake, na muhuri. Nimeona watu wakiibusu. Siku zile dini ilikuwa imeshika mambo mengi mkononi, shule, hospitali, barua, hata majina ya watu, na mimi nilikuwa kidole kimoja cha mkono huo. Ilinipa kichwa kikubwa, lakini pia nilifanya kazi.

Niliporudi Goma nilikuwa sekretere wa kwanza, na mlima ulipotapika moto, lava ikaingia mjini, niliondoka nyumbani bila godoro wala sufuria. Nilichobeba ni vitabu vya ubatizo, juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vimefungwa kwa shuka za altare. Mke wangu, Kahindo, alitembea nyuma akisukuma, akinisema njia nzima, akiniita kwa jina la binti yetu wa kwanza.

"Papa Masika, batu banaokoa kitanda, wewe unaokoa majina."

Vitabu vyote vilipona. Baadaye, watu ambao nyumba zao zilikuwa zimegeuka mawe meusi walipanga foleni mbele yangu kutafuta karatasi, na Kahindo hakunisema tena.

Sasa niwaambie jinsi foleni ilivyokwisha. Haikukatika siku moja. Kwanza shule ziliacha kuuliza atestasio ya ubatizo, zikaanza kudai akti ya kuzaliwa, ile karatasi ya serikali inayotolewa komini. Kisha waajiri wakaacha. Makanisa mapya yakafunguliwa kila kona, na watu wakawa wanahama kutoka moja hadi jingine bila kuaga. Kisha wakaja wale wasiokwenda popote Jumapili, wanaofua nguo na kutazama mpira, wala hawajifichi. Kijana mmoja wa chuo kikuu alikuja kwa heshima kabisa kuomba jina lake litolewe kitabuni kwa sababu haamini tena. Nilitaka kumfukuza. Padri Paroko wa sasa, kijana ambaye ningeweza kuwa baba yake, alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba kilichofanyika hakifutiki, ila tutaandika pembeni kwamba ameondoka kwa hiari yake. Nikaandika. Benchi la nje likawa la kupumzikia wauza maandazi.

Na foleni ilihamia wapi? Komini, kwenye biro ya eta sivil, inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo vya raia. Na nani alikaa nyuma ya meza hiyo? Masika, binti yangu wa kwanza.

Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, hapo hapo bironi, kabla hajaanza shule, kwa kufuata majina ya kitabu kwa kidole. Alisoma sheria, akaajiriwa na serikali, na nilipokwenda kumtazama kazini siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikilia kama mjinga. Aliandika wima, bila haraka, akimrudisha mtu aseme tena jina la mama yake. Ilikuwa kazi yangu, imehamia kwenye mikono michanga. Sikuona kama nimenyang'anywa. Niliona kama nimezaa vizuri.

Kilichoniuma ni ndoa yake. Alipendana na Innocent, fundi wa umeme kutoka Rutshuru, mtu mzuri, mcheshi, aliyeniambia bila kupepesa macho: "Papa, mimi na Mungu tunaongeaka bila kupita kwa biro." Mahari yalitolewa kwa heshima zote. Waliandikishana komini. Nikamwomba Masika waje kanisani pia, hata asubuhi ya siku ya kazi, hata bila sherehe.

"Papa, nisimame mbele ya altare niape maneno yenye sijue kama ninaamini?" akaniuliza. "Wewe njo ulinifundisha mutu asiseme uongo mbele ya kitabu."

Nilikwenda komini nimevaa koti na tai, nikaketi mstari wa kwanza, nikatia saini kama shahidi wa bibi arusi. Sikutabasamu kwenye picha hata moja. Mke wangu hakuja kabisa, alisema miguu inamuuma.

Kisha akazaliwa Ineza. Wazazi wake walisema hawatambatiza, atachagua mwenyewe akikua. Nilikubali kwa mdomo. Mke wangu hakukubali hata kwa mdomo. Mtoto alikuwa na miezi mitano, wazazi wakienda kazini wakituachia, na asubuhi moja Kahindo alikuja bironi kwangu amempakata mtoto, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Fungua kitabu," akasema. "Unaandika Ineza."

"Ninaandika nini?"

"Nimemubatiza. Leo, kwa beseni, wakati ya kumuosha."

Niliweka kalamu chini. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi kuliko kitandani mwangu, nilijikuta nikimhoji mke wangu kama wanawake wa Vitshumbi.

"Ilikuwa maji?"

"Ilikuwa na sabuni kidogo."

"Kahindo."

"Nilichota ingine safi. Mara tatu, kwa kichwa. Nikasema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Sijue kama wewe ungeyasema vizuri kunipita."

"Mutoto alikuwa mugonjwa?"

Hapo alimhamishia mtoto bega la pili. Mtoto alikuwa mzima, mnono, ameshika sikio la bibi yake. Kanisa linamruhusu yeyote kubatiza kama kifo kiko mlangoni. Halimruhusu bibi kumbatiza mjukuu mzima nyuma ya mgongo wa wazazi. Na bado, ubatizo wenyewe ulikuwa umefanyika. Mambo matatu yalikuwa kamili.

"Nilikuwa naogopa," mwishowe akasema. "Bazazi babo banasema atachagua. Na kama hatachagua?"

Sikumgombeza. Hofu hiyo nilikuwa nayo mimi pia, isipokuwa mimi nilikuwa nimeivalisha tai.

Nilikwenda kwa Padri Paroko. Alisikiliza, akajipangusa uso kwa mikono miwili. Akasema bibi amekosa na atakwenda kuzungumza naye, lakini ubatizo umesimama, na kitu kilichosimama lazima kiandikwe.

"Kabla ya kuandika, wazazi wajue," akasema. "Si kwa simu, muzee. Uende wewe mwenyewe."

"Na ile safu ya bazazi, Padri? Niandike nini?"

Siku hizo mapadri vijana hawakuijali tena safu ile, wengine waliiacha wazi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado nikiijaza, kwa kujivuna, kwa maneno yale yale ya zamani. Alinitazama kidogo.

"Wewe njo sekretere," akajibu.

Basi hilo ndilo nililobeba kwenda komini. Nikiandika kama nilivyoandika siku zote, mjukuu wangu atakuwa "si wa ndoa" kwa mkono wangu, na binti yangu hataniletea tena mtoto nyumbani. Nikiacha wazi, nitakuwa nimempendelea mjukuu wangu kuliko watoto wote wa watu niliowaandika. Nilitafuta njia ya tatu barabara nzima sikuiona.

Nilipanga foleni kama kila mtu. Walionijua walitaka kunipisha, nikakataa, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Masika aliponiona mbele ya meza alidhani nimekuja kumsalimia, akatabasamu. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kumfunika mama yake wala kumwongezea.

Aliyekuwa nyuma yangu alikohoa, Masika akamwambia angoje. Macho ya binti yangu yalijaa machozi.

"Mama alipashwa kuniuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Ningekatala."

"Anajua. Njo maana hakuuliza."

Alichukua karatasi iliyokuwa mbele yake akaipanga upya, ingawa ilikuwa imepangwa. "Ilifanyika ao haikufanyika?"

"Ilifanyika."

"Basi utaandika. Mimi pia, mutu akikuya kuandikisha mutoto, siulizake kama ukoo inafurahi." Kisha akanitazama sawasawa, na nikajua swali linakuja. "Na kwa safu ya bazazi?"

Nilivua kofia.

"Papa, nilijifunza kusoma mu kile kitabu. Neno la kwanza nilisoma peke yangu ilikuwa 'si'. Nikauliza inamaanisha nini, ukaniambia ni ya batu ba kule, siyo yetu." Sauti yake ilikuwa ya kazi, ya chini, kama anamsomea mtu kifungu cha sheria. "Siku ya ndoa yangu ulikaa hapa. Kiti ile. Saini yako iko kwa akti. Ineza ni wa ndoa ao si wa ndoa? Niambie wewe shahidi."

Nimejibu mapadri, nimejibu maafisa wa jeshi, nimemjibu askofu alipokuja kukagua vitabu. Mbele ya binti yangu nilisimama na kofia mkononi. Nilikuwa nimetia saini komini kwamba hawa wawili wameoana, na sasa nilikuwa nikitafuta jinsi ya kuandika parokiani kwamba hawakuoana, na nilikuwa mtu yule yule. Hapo ndipo nilipoona haya. Sijaona haya namna ile maishani.

"Ni wa ndoa," nikasema.

"Andika sasa vile unaniambia," akasema Masika, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Niliandika alasiri ile ile. Mahali pa aliyebatiza niliweka jina la mke wangu, na pembeni nikaeleza kwamba alibatiza mtoto mzima nyumbani, bila ruhusa ya wazazi, na kwamba wazazi wamejulishwa na sekretere. Kahindo aliposikia alisema nimemtangaza mbele ya vizazi vyote. Nikamwambia ndivyo. Kwenye safu ya wazazi niliandika: "Wa ndoa. Wazazi walioana komini. Sekretere alikuwa shahidi." Mwandiko wangu haukuwa mzuri siku hiyo.

Masika alikuja kuona siku ya Ijumaa, na Ineza mgongoni. Alikuwa hajavuka mlango ule miaka mingi. Alisoma mstari wa mtoto wake kwa kidole, neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani imekwisha. Lakini hakufunga kitabu. Alirudisha ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, akachukua kitabu cha miaka ya nyuma, akafungua popote. Mwandiko ulikuwa wangu wa ujanani, ule wa kujivuna. Si wa ndoa. Si wa ndoa. Si wa ndoa.

"Na hawa, Papa?" akauliza.

Hakusema zaidi. Alimfunga mtoto vizuri, akarudi kazini.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nilimwendea Padri Paroko nikamwomba tuandike kwa Chanselieri wa jimbo, padri anayetunza karatasi zote za askofu, ili turuhusiwe kurekebisha pembeni kwa kila mtu ambaye wazazi wake walioana komini na akti ipo. Jibu lilichelewa, likaja na masharti mengi, lakini lilikuwa ndiyo. Tangazo likasomwa misani. Masika akawa anatafuta akti kwenye vitabu vyake, mimi ninaandika kwenye vyangu. Watu walileta nakala zao, wengine walitoka Rutshuru kwa basi. Siku moja niliinua kichwa nikaona benchi la nje limejaa, na wauza maandazi wamesimama.

Sasa nimestaafu. Waliniaga kwa misa, kwa koti jipya na kwa hotuba ndefu. Sekretere mpya ni msichana mwenye kompyuta, na anaandika haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Vijana huniuliza kama sioni uchungu kwamba watu hawaji tena kanisani kama zamani. Nawaambia zamani walikuja hata wale waliotaka karatasi tu, na tuliwashika kwa karatasi hiyo. Leo anayekuja hana anachotafuta kwetu isipokuwa kile tunachosema tunacho. Ni wachache, na kumtumikia mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu zaidi. Nikiulizwa kama ninajivunia miaka yangu, najibu kwamba ninajivunia. Majina niliyaokoa. Ineza anaanza kutembea, anashinda kwetu kila siku, na bibi yake haruhusiwi kumwosha peke yake. Hiyo ni sheria ya Masika, na mimi ndiye ninayeisimamia.

Jumanne na Alhamisi bado ninakwenda bironi kuandika pembeni, kwa sababu mstari niliouandika mimi sipendi mwingine aurekebishe. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, naye ana wajukuu, na akti ya wazazi wake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitafuta ukurasa wake, nikaandika, nikatia saini, nikageuza kitabu aone. Hakuwa amechukua miwani, akaniomba nimsomee. Nikamsomea: "Wa ndoa. Wazazi walioana komini."

"Mama yangu alificha atestasio yangu mupaka alikufa," akasema. "Nilidhani niliiba kitu." Akaweka kidole juu ya yale maneno ya kwanza, yaliyopigwa mstari mwembamba. "Hapa, ni mukono wa nani?"

"Ni wangu, mama," nikasema.

Alinitazama, akaitazama mikono yangu juu ya meza. Kisha akavuta kiti karibu.

"Basi soma tena," akasema. "Polepole."